Mpini wa lethi unazunguka robo nzima kabla slaidi haijasogea: nichonge nati mpya au niiuze mashine?

*"Shikamoo fundi. Nina lethi (mashine ya kukereza chuma) ndogo ya Kiingereza, Myford ML7, niliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya karakana ya shule. Kazi zangu ni bushi za pampu, puli ndogo na pini za mashine za kusaga. Tatizo la kwanza, mpini wa kros-slaidi, ile inayoingiza na kutoa kisu cha kukatia, unazunguka mistari 25 kati ya 100 ya duara la namba kabla slaidi haijasogea. La pili, gia ya meno 40, moja ya zile za kubadilisha, imevunjika meno mawili. Fundi mmoja kaniambia nikaze skrubu za pembeni mpaka pleyi, yaani huo mchezo wa mpini, iishe. Mwingine anataka anichongee nati ya chuma kigumu isiyoisha, na gia aijaze kwa kuchomelea kisha apige tupa. Wa tatu anasema mashine iliyochakaa haiwezi kuchonga spea zake yenyewe, bora niiuze kwa kilo. Nimfuate nani?"*

Marahaba, mwanangu. Usiiuze kwa kilo. Huyo wa tatu huenda ana mnunuzi tayari.

Umeuliza kuhusu nati na gia, lakini naona linalokunyima usingizi ni hilo la tatu: je, mashine iliyochakaa inaweza kujichongea spea? Inaweza. Lethi ni miongoni mwa mashine chache zenye uwezo huo. Sharti lake ni mpangilio wa kazi. Nati ya zamani, hata ikiwa imebaki nusu, haitoki mahali pake mpaka ile mpya iwe mkononi mwako. Mimi niliifungua kros-slaidi yangu ya kwanza asubuhi moja kwa furaha kubwa, nikaitoa nati, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaiweka juu ya meza kwenye gazeti. Ndipo nikakumbuka kwamba mashine pekee ya kuchongea nati mpya ni hiyo niliyokwisha kuipanga vipande vipande. Kijana wangu wa kazi alikuwa na adabu, alitoka nje ndipo akacheka.

Sasa tuiangalie hiyo pleyi. Skrubu ya kros-slaidi ya ML7 ina nyuzi 10 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mpini unasogeza slaidi sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54. Duara lina mistari 100, kila mstari ni elfu moja ya inchi. Mistari yako 25 ni kama milimita 0.63. Hiyo ni nafasi iliyobaki kati ya ubavu wa uzi wa skrubu na ubavu wa uzi wa nati, baada ya miaka mingi ya kusuguana, mara nyingi bila mafuta. Ukigeuza mwelekeo wa mpini, skrubu inabidi iivuke nafasi yote hiyo kwanza ndipo iguse ubavu wa pili na kuanza kusukuma.

Watu wengi hapo hukosea. Wanadhani pleyi ndiyo inayoharibu vipimo. Unapokereza upande wa nje, chuma kinaisukuma tulu, yaani kisu cha kukatia, irudi kwako muda wote, hivyo uzi umeegemea ubavu mmoja tu na ile nafasi haina kazi yoyote. Vipimo vinaharibika pale unapopitiliza mstari, kisha ukarudisha mpini mistari miwili na kukata. Duara limerudi, slaidi haijarudi. Dawa yake ni bure: ukipitiliza, rudi nyuma mzunguko mzima, halafu uje tena mbele polepole mpaka kwenye mstari. Fanya hivyo kila mara, na hata mashine yenye pleyi ya mistari 25 itakupa bushi nzuri. Ndiyo maana nasema inaweza kujichongea nati.

Basi kwa nini tuhangaike? Kwa sababu ya kukata kipande kwa kisu chembamba. Hapo kisu kinaweza kuvutwa ndani ghafla, slaidi ikaruka ile nafasi yote kwa mkupuo, kisu kikavunjika au kipande kikang'oka kwenye chaki, zile taya zinazokishika na kukizungusha. Nimeshaokota vipande vya kisu ukutani. Mistari 8 au 10 mimi huwa naiacha ilivyo, naishi nayo. 25 ni nyingi.

Ushauri wa kukaza skrubu za pembeni uukatae. Zile skrubu zinabana kipande kirefu chembamba kinachozuia slaidi isiyumbe kushoto na kulia kwenye njia yake. Hazina uhusiano na nati. Ukizikaza sana mpini unakuwa mzito, unaona kama pleyi imepungua, kumbe umeificha tu na sasa unazila njia za slaidi, ambazo kuzirekebisha ni kazi kubwa kuliko nati kumi. Zikaze mpaka slaidi iende kwa uzito mdogo unaolingana mwanzo hadi mwisho, kisha ziache.

Kabla hujakata chuma chochote, tafuta pleyi iko wapi. Shika slaidi kwa mikono miwili, isukume na kuivuta, huku mtu mwingine akitazama mpini. Kama mpini unacheza ndani na nje ukilinganisha na kile kinachoshikilia mwisho wa skrubu, sehemu ya pleyi iko hapo, na inaondolewa kwa kukaza nati ndogo za pale au kuweka washa nyembamba. Nimeona mashine iliyopoteza nusu ya pleyi yake kwa dakika kumi za kazi hiyo. Baada ya hapo pima pleyi kwa mistari sehemu tatu: slaidi ikiwa karibu nawe, ikiwa katikati, ikiwa imekwenda mbali. Zikilingana, nati ndiyo imekwisha na skrubu bado nzima. Kama katikati ni kubwa kuliko mwisho, skrubu imelika pale inapofanyia kazi kila siku. Ukiichongea skrubu ya namna hiyo nati mpya yenye kubana vizuri katikati, itakwama ukifika mwisho. Hapo vyote viwili vibadilishwe.

Kuhusu nati ya chuma kigumu, fundi wako ana nia njema ila amegeuza mambo. Kati ya skrubu na nati, mmoja lazima aliwe, na waliounda mashine walichagua nati kwa sababu ni ndogo, ni rahisi, na kuitoa si kazi kubwa. Ukiweka nati ngumu, skrubu ndiyo italiwa. Tumia bronzi. Shaba ya njano, kama ya mabomba ya maji, itafanya kazi ila itakwisha mapema. Ukienda kwa wauza chuma chakavu, tafuta bushi nene kuukuu za mitambo mikubwa au vali nzito za zamani za maji. Kwangua kidogo kwa tupa: rangi ikielekea kwenye wekundu na unga wake ukiwa mzito mkononi, uko karibu, ikiwa ya njano kama kitasa cha mlango, hiyo ni brasi. Chuma cha kusubu, kile tunachokiita kasti, nacho hufaa kwa nati kikipata mafuta, na kinapatikana kila kona.

Uzi wenyewe ni wa akme, wenye pembe ya digrii 29 kati ya ubavu na ubavu, si uzi wa boliti. Skrubu ya inchi 3/8 kwa nyuzi 10 ina kina cha nusu ya umbali kati ya uzi na uzi, pamoja na nafasi kidogo chini. Kiini chake kinabaki kati ya milimita 6.5 na 7, hivyo nati unaitoboa kwa drili ya 7.2. Ndani ya tundu dogo namna hiyo huwezi kuingiza tulu ya kuchongea uzi bila kutetemeka. Njia ya mafundi ni kujichongea tepu, chombo cha kukatia uzi ndani ya tundu.

Na hapa ndipo matatizo yako mawili yanapokutana. Ili ML7 ikate nyuzi 10, unahitaji hesabu ya 8 kwa 10, kwa sababu skrubu ndefu inayotembeza kariji, kigari kinachobeba slaidi, ina nyuzi 8 kwa inchi. Kitabu chochote kitakuambia weka 40 juu na 50 chini. Hiyo 40 ndiyo iliyovunjika! Lakini gia hazijui majina yao, zinajua uwiano tu. 40 kwa 50 ni sawa na 20 kwa 25, ni sawa na 60 kwa 75. Zihesabu gia ulizonazo, na kama pengo ni kubwa weka gia yoyote katikati ya hizo mbili. Gia ya katikati haibadilishi hesabu, inageuza mwelekeo tu, na mwelekeo utaurekebisha kwa wenzo wa kugeuzia ulio upande wa hedistoki, kile kichwa chenye chaki.

Itoe skrubu kwa muda uitazame uzi unaelekea wapi, halafu uirudishe. Kwenye mashine ambazo skrubu imeshikwa mahali pamoja, huku nati ndiyo inayotembea, uzi huwa wa kushoto, ili ukizungusha mpini kwa mwelekeo wa saa slaidi iende mbele. Kama wako ni wa kushoto, tepu pia iwe ya kushoto: unaanzia karibu na chaki, kwenye mfereji uliouchimba kabla, na tulu inatembea kuelekea telistoki, ule mwisho wa pili wa mashine. Wengi huogopa uzi wa kushoto bila sababu. Una raha yake, tulu inakimbia chaki badala ya kuifuata.

Chukua kipande cha silva stili, chuma kinachogumishwa kwa moto. Noa tulu kwa pembe ya 29, ncha yake iwe bapa ya milimita 0.8 hivi, na uilinganishe na mwisho wa skrubu ambao haujawahi kufanya kazi; pale uzi bado uko kama ulivyotoka kiwandani. Kipenyo cha tepu kizidi cha skrubu kwa robo milimita, ili ncha za uzi wa skrubu zisiguse chini ya nati. Kata kidogo kidogo, mafuta mengi, na kila mara uje mbele kutoka upande uleule kama nilivyosema. Ukimaliza uzi, punguza sehemu ya mbele iteremke taratibu kwa urefu wa vidole viwili, kisha chimba mifereji minne ya kutolea vumbi la chuma, kwa tupa kama huna mashine ya kusaga chuma (milling). Pasha moto mpaka sumaku ikatae kuishika, ongeza kidogo tu hapo, ichovye majini ikiwa wima. Sasa ni ngumu na inavunjika kama kioo. Ing'arishe kwa msasa, ilaze kwenye kikaango chenye mchanga juu ya jiko, uitazame. Rangi itaanza kupita juu yake. Ikifika ile ya majani makavu ya ngano, itoe upesi. Ukichelewa ikawa ya bluu, imelainika, rudia.

Tundu la nati ulitoboe na kuliingizia tepu ukiwa umekishika kipande kwenye chaki, tepu ikiongozwa na senta ya telistoki, kwa kuzungusha chaki kwa mkono na si kwa mota. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, safisha. Inachosha mabega. Vipimo vya nje vya nati na urefu kutoka katikati ya tundu hadi pale inapofungwa vichukue kwenye nati ya zamani, na hicho kimo ukikosea hata kidogo skrubu itapinda na mpini utakuwa mzito kila mzunguko.

Kama vipimo vitatu vimeonyesha skrubu nayo imekwisha, kuna njia nyingine ambayo mimi ningeifikiria sana ukiwa unapima kwa milimita kila siku. Zinauzwa fimbo za uzi wa trapeza za kipimo cha Tr10x2, za kulia na za kushoto, pamoja na nati zake za bronzi. Mzunguko mmoja ni milimita 2, na duara lako la mistari 100 litasoma milimita 0.02 kwa mstari bila kubadilisha chochote. Utahitaji kukereza ncha za fimbo zifanane na za zamani, na kupanua kidogo pale skrubu inapopita, maana 10 ni zaidi ya 9.5. Usichanganye, hata hivyo. Nati ya milimita 2.5 inaonekana karibu sawa na 2.54, watu hujaribu kuilazimisha, lakini katika nyuzi kumi tofauti imefika milimita 0.4 na nati imekwama.

Pia kuna kununua. ML7 ilianza kutengenezwa mwaka 1946, Beeston, karibu na Nottingham, na ziliuzwa nyingi mno. Kampuni ya zamani ilifunga mwaka 2011, jina likanunuliwa na wengine hukohuko Uingereza, na nati za kros-slaidi bado zinauzwa. Piga hesabu ya bei, usafiri na ushuru, uilinganishe na siku tatu za kazi yako. Mwenye wateja wanaosubiri, wakati mwingine kununua ni rahisi zaidi, na hakuna aibu.

Gia. Usikubali ijazwe kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea. Gia hiyo ni ya kasti, na ukiichomelea kwa umeme namna hiyo, ukanda unaozunguka mchomo unakuwa mweupe, mgumu kuliko tupa, na unapasuka ukipoa au wiki ya pili. Tupa itateleza juu yake. Anayetaka kuikarabati afanye kwa njia ya zamani: chimba mfereji wenye mbavu zilizoinama kama mkia wa njiwa pale yalipokuwa meno, pachika kipande cha chuma kilichokaa sawasawa, kifunge kwa kubrezi, yaani kuunga kwa brasi iliyoyeyushwa, au kwa skrubu mbili, kisha yachonge meno kwa tupa ukifuata kiolezo cha bati ulichochora kwenye meno mazima. Kwa gia inayozunguka polepole kazi hiyo inatosha kabisa.

Kuchonga mpya ni bora, na hapo kuna mtego mmoja nitakaokuomba uukumbuke hata ukisahau mengine. Gia za ML7 ni za DP 20, yaani meno 20 kwa kila inchi ya kipenyo, na pembe ya ubavu wa jino ni digrii 14.5. Pima kipenyo cha nje cha gia yako ya meno 40 kwa venia: utapata karibu milimita 53.3, kwa sababu meno 40 ongeza 2, gawanya kwa 20, ni inchi 2.1. Ukienda karakana kutafuta kata, yaani kisu cha kukatia meno, wakakuambia "tuna kata ya moduli 1.25, ni ileile," siyo ileile. Moduli ni kipimo cha jino kwa milimita, na DP 20 ni moduli 1.27. Gia ya meno 40 kwa moduli 1.25 inatoka 52.5, na pembe ya ubavu kwa kawaida ni 20 badala ya 14.5. Itaonekana nzuri mezani, itapiga kelele kwenye mashine na kula majirani zake. Omba kata ya DP 20, pembe 14.5, namba 3, inayohusu meno 35 hadi 54. Kina cha kukata ni milimita 2.74. Wewe mwenyewe kereza kipande cha duara kwenye lethi yako, tundu na mfereji wa ufunguo ukivilinganisha na gia ya zamani, uwapelekee wakate meno tu. Kwa kichwa cha kugawia cha kawaida cha 40 kwa 1, meno 40 ni mzunguko mmoja wa mpini kwa kila jino, hata mwanafunzi hakosei. Chuo cha ufundi chenye mashine ya kusaga chuma na kichwa hicho kinatosha. Tanzania ningeanza kuuliza VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) au SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa, Kenya ningezunguka karakana za Kariobangi Light Industries, Nairobi, nikiwa na gia mfukoni.

Kuna mambo ambayo sitakuelekeza kwa barua. Ukishika kipande kirefu kwenye chaki na kukinyanyua, ukahisi spindo, mhimili unaobeba chaki, inacheza ndani ya beringi zake, tafuta fundi aje aione. Beringi za ML7 nyingi ni za metali nyeupe zenye vipande vyembamba vya kurekebishia, na ukikaza ovyo unaziunguza ndani ya saa moja. Vivyo hivyo kama mashine inakereza shafti ikatoka nene upande mmoja kuliko mwingine hata baada ya kuisawazisha kwa pima maji, au kama mwili wake unakupiga shoti. Hiyo ya shoti usiiguse mpaka fundi umeme afike.

Halafu jiulize meno mawili yalivunjika kwa nini. Jino la gia halivunjiki bure. Toa skrubu ndefu kwenye gia, izungushe kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Kama kuna mahali inakaza, kuna vumbi la chuma kwenye nati inayogawanyika au skrubu imepinda, na gia mpya itafuata njia ya ile ya kwanza. Sababu nyingine ya kawaida ni gia kukazwa zikiwa zimebanana mno. Plagi ikiwa nje ya ukuta, chana ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya meno ya gia mbili, zisukume zishikane, kaza, kisha zizungushe kwa mkono uitoe karatasi. Itoke imejikunja kama feni, bila kuchanika.